Uzinduzi wa Breki

Nchi inayosimuliwa hapa haipo popote, na raia wake wakiulizwa wanasema hivyo hivyo. Inaitwa Jamhuri ya Shwari. Ina bendera, ina wimbo, ina bunge lenye viyoyozi, na ina gari lake la taifa liitwalo Fahari, ambalo kila mtumishi wa umma aligawiwa apende asipende.

Fahari si gari la mchezo. Paa lake linakula jua na kuliweka akiba, kwa hiyo haliishiwi nguvu mchana wala usiku. Vioo vyake havipitishi risasi, kwa sababu Mkuu wa Nchi alisema hawezi kujipenda kuliko anavyowapenda wananchi, na kwa kuwa vioo vya gari lake havishuki, vya wananchi navyo havishuki. Milango hujifunga gari likianza kutembea. Mbele lina jicho la kuona vizuizi, likiona ukuta linaukwepa lenyewe hata dereva akilazimisha usukani. Gia ya kurudi nyuma iliondolewa baada ya mheshimiwa mmoja kuuliza bungeni ni nani hasa katika Shwari anayetaka kurudi nyuma. Hakujitokeza mtu. Anayetaka kutoka kwenye maegesho siku hizi huita majirani wamsukume.

Kasoro ilikuwa moja tu, na Serikali haikuificha isipokuwa mwanzoni. Breki zilishika zenyewe. Mtu yuko barabara kuu, hajamkosea yeyote, mara gari linagoma ghafla katikati ya njia na lori la nyuma linamalizia. Wizara iliwaita marehemu hao "waliosimama kabla ya wakati", ikawapelekea wafiwa salamu za pole pamoja na fulana.

Mafundi wakashauri magari yote yarudishwe kiwandani. Baraza la Mawaziri lililichunguza neno hilo, kurudishwa, likaona lina harufu ya kurudi nyuma, likalikataa. Ikaamuliwa kwamba gari halitarudi popote, dawa italifuata huko huko liliko, kwa njia ya hewa. Breki za Fahari, kama kila kitu ndani yake, huamriwa na kompyuta, na kompyuta inaweza kutumiwa maagizo mapya gari likiwa njiani. Hilo wanaliita sasisho. Kwa kweli ulikuwa uamuzi mzuri, na tusingekuwa na la kusimulia kama isingekuwa desturi ya uzinduzi.

*

Katika Shwari kitu hakiwi kitu mpaka kizinduliwe na mgeni rasmi. Kisima kitachimbwa, maji yatatoka, yatakuwa matamu, lakini utepe ukiwa haujakatwa wanakijiji watapita kando yake na ndoo zao wakachote bwawani pamoja na ng'ombe. Daraja la Mto Kwembe lilikaa na utepe wake masika nzima, watu wakipita chini yake kwa kuogelea huku wakilisifia. Hakuna aliyewalazimisha. Ndivyo walivyolelewa, na kitu kisichozinduliwa huwatia kinyaa, wanakiona kama chakula kilichoonjwa na paka.

Na palipo na uzinduzi pana mshereheshaji. Wa Serikali aliitwa Shaweji Mkopi, mgane wa makamo ya mwisho, mwenye sauti nene na suti ya rangi ya maziwa. Vyeo vya waheshimiwa vyote alikuwa navyo kichwani. Kipaji chake kikubwa, hata hivyo, kilikuwa kujaza muda. Mgeni rasmi akichelewa, Shaweji alisimama na kipaza sauti akatania, akasifu, akaimbisha, akamwinua mkuu wa wilaya acheze, mpaka jua likasogea na watu wakasahau kwamba wana njaa. Nyumbani alikuwa na binti yake Mwatime, mwalimu wa shule ya msingi, na mjukuu wake Kito, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuunganisha maneno. Shaweji alimpenda mtoto huyo kupita kiasi, mpaka wenzake kazini walikuwa wakimkwepa asiwasimulie habari zake.

Sasisho la breki liliandikwa na mhandisi kijana aitwaye Nyamizi. Lilikuwa moja. Likiingia kwenye gari lingefuta maagizo mabaya ya breki na kuweka mazuri papo hapo, dereva asijue kilichopita. Akalipeleka wizarani, likapokelewa na Bwana Luhizo, Mkuu wa Itifaki.

"Linafanya nini hasa?" aliuliza Luhizo.

"Linaondoa breki mbaya na kuleta breki nzuri."

"Kwa hiyo ni mambo mawili."

"Hapana, Bwana Mkuu, ni jambo moja. Yanakwenda pamoja."

"Mhandisi, wewe mwenyewe umesema kuondoa, halafu ukasema kuleta. Mimi nimesoma. Hapo pana wageni rasmi wawili, shughuli mbili na fulana za aina mbili. Unataka kumnyima Naibu Waziri shughuli?"

Nyamizi hakutaka kumnyima Naibu Waziri kitu. Akaenda akalikata sasisho lake vipande viwili. Kabla ya kukabidhi akauliza, kwa adabu, itakuwaje magari yakiwa yamepata cha kwanza na hayajapata cha pili, yaani katikati kutakuwa na nini.

"Katikati kutakuwa na vitafunio," alisema Luhizo.

Nyamizi alirudi kwenye kompyuta yake, na kwa kuwa alikuwa na huruma akaongeza agizo dogo: gari lililokosa breki lisiende kasi, litembee mwendo wa mtu anayewahi sala. Lingine hakuweza. Fahari halizimiki mpaka breki ikanyagwe, na breki isiyokuwepo haikanyagiki.

*

Kipande cha kwanza, "Kwaheri Breki Mbaya", kilizinduliwa hotelini na Naibu Waziri, kikapangwa kwenda magarini asubuhi ya siku ya uzinduzi wa pili. Kipande hicho cha pili, "Breki kwa Wote", kingezinduliwa asubuhi hiyo hiyo na Waziri mwenyewe kwenye Mzunguko wa Umoja.

Mzunguko huo uko katikati ya mji mkuu, na ni mpana kiasi kwamba uwanja wake ulimeza jukwaa, mahema, bendi ya polisi na wananchi waliosombwa kutoka mitaani. Ng'ambo ya barabara inayouzunguka kuna lango la Hospitali Kuu. Jukwaani, juu ya meza yenye kitambaa cha buluu, kiliwekwa kitufe chekundu chenye ukubwa wa sahani. Msidhani kilikuwa pambo. Waya wake ulipita nyuma ya pazia hadi kwenye kompyuta ya Nyamizi, na kikibonyezwa, kila Fahari nchini lingepata breki.

Shaweji alikuwa anajaza muda. Mgeni rasmi alisemekana yuko njiani, tena ndani ya Fahari la kawaida, ameacha nyumbani gari lake la kigeni ili aonekane mtu wa watu.

"Akina mama hoyee!" Shaweji alinguruma.

"Hoyee!"

"Breki hoyee!"

"Hoyee!"

Hapo Fahari la kwanza likaingia kwenye mzunguko, likaanza kuzunguka taratibu. Nyuma yake likaja la pili, na jingine, kisha yakawa yanamiminika kutoka kila barabara. Barabara zote za mji huo zina mwisho, zina ukuta au foleni au gulio, na jicho la Fahari lilikuwa likikwepa vyote hivyo na kutafuta njia isiyo na mwisho. Njia ya namna hiyo mjini ilikuwa moja tu.

"Ndugu wananchi, tazameni!" Shaweji alifurahi, maana hakuambiwa kuna maandamano na alikuwa ameshaishiwa vichekesho. "Magari yetu yenyewe yamekuja kumlaki mgeni rasmi! Pigeni makofi!"

Makofi yakapigwa. Ndani ya magari watu walikuwa wakionyesha ishara kwa mikono, mmoja ameunganisha viganja kifuani, mwingine anagonga kioo kwa kiatu. Bendi ikaongeza sauti. Shaweji akawapungia wote, kila gari lililopita, kwa furaha ya kazi. Simu ikatetemeka kwenye mfuko wake wa koti.

"Baba."

"Niko kazini, mama, nitakupi..."

"Baba, gari halisimami. Nakanyaga breki inazama mpaka chini, hakuna kitu. Kito alichemka homa tangu alfajiri, nilikuwa namwahisha hospitali. Ameanza degedege. Macho yamegeuka, Baba!"

"Uko wapi?"

"Nimepita mbele yako sasa hivi. Umenipungia mkono."

*

Shaweji aliacha kipaza sauti kikining'inia, akapita nyuma ya pazia. Nyamizi alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, uso umempauka, anatazama magari.

"Mwanangu, bonyeza. Mjukuu wangu yuko mle."

"Shikamoo, Mzee. Kutoka huku naweza kuondoa tu, siwezi kupeleka. Walitaka kila kinachopelekwa kipite kwenye kile kitufe, ili mgeni rasmi asije akabonyeza kitu ambacho tayari kimeshakwenda. Kuna mwaka ilitokea, akakasirika sana."

"Basi njoo ukibonyeze pale."

"Mimi?" alisema Nyamizi, na machozi yakamtoka. Hakuwa mwoga zaidi ya watu wengine. Ni kwamba mkono wake ulikataa, kama mikono yenu ingekataa kuingia kwenye sufuria ya mkwe.

Shaweji akamwendea Bwana Luhizo aliyekuwa amesimama kando ya kitufe.

"Bwana Luhizo, nakuomba. Kitufe kibonyezwe. Mtoto anakufa mle ndani."

"Pole sana, Mzee. Kwani mgeni rasmi amefika?"

"Bado."

"Sasa kibonyezwe na nani?"

"Na yeyote! Na wewe!"

Luhizo alimtazama kwa masikitiko ya kweli. "Bwana Shaweji, wewe mtu mzima. Breki ikizinduliwa na mimi, itakuwa breki gani hiyo? Nani ataikanyaga kwa imani? Vumilia. Mheshimiwa hayuko mbali."

Alisema kweli. Wakati huo huo Fahari jeusi lenye bendera ndogo liliingia kwenye mzunguko, nalo likaanza kuzunguka. Kwenye kiti cha nyuma Mheshimiwa Gwalema Tindwa, Waziri wa Usalama wa Vyombo vya Moto na Furaha ya Barabarani, alikuwa amepiga magoti, analigonga dirisha kwa ngumi zote mbili. Kofia yake ilikuwa imeanguka. Mdomo ulikuwa wazi kabisa, lakini kioo kisichopitisha risasi hakipitishi hata sauti. Umati ulilipuka kwa vifijo. Haukuwahi kumwona Waziri mwenye bashasha namna ile.

"Unaona?" alisema Luhizo, akiwa amesimama wima kwa heshima. "Ameanza kwa kuwasalimia wananchi."

"Analia, Bwana Luhizo. Halisimami hilo gari. Anaomba msaada."

"Mheshimiwa haombi msaada. Mheshimiwa hutoa msaada. Rudi kwenye kipaza sauti, Mzee, watu wamepoa."

Waziri akapita tena mbele ya jukwaa, na tena. Kila alipopita bendi ilipiga saluti yake na watu walisimama. Dereva wake alikuwa ameachia usukani, amejishika kichwa.

*

Shaweji hakurudi kwenye kipaza sauti. Aliruka kutoka jukwaani na suti yake ya rangi ya maziwa, akakimbilia barabarani, akalisubiri gari la Mwatime, akaanza kukimbia kando yake. Mwendo wa mtu anayewahi sala si mkubwa, ila kwa mzee wa makamo yale ni mkubwa wa kutosha. Binti yake alikuwa na mkono mmoja kwenye usukani, wa pili umemshika mtoto mapajani. Kito alikuwa amekakamaa. Mguu wake mdogo ulikuwa ukitikisika, unatikisika tu bila kupumzika, na povu jembamba limetoka pembeni mwa mdomo.

"Mlaze ubavu!" Shaweji alipiga kelele kwenye simu. "Mlaze ubavu asipaliwe!"

"Baba, mwambie mtu alisimamishe!"

Langoni mwa hospitali alitoka Sista Mbonea, muuguzi wa zamu, na sindano ya dawa mkononi. Alikuwa ameliona gari hilo likipita na mwanamke akimwinua mtoto kiooni kila mzunguko, akaelewa. Naye akaanza kukimbia upande wa pili.

"Shikamoo, Mzee!"

"Marahaba, binti yangu! Dawa unayo?"

"Ninayo! Mlango!"

Mlango haukuwa na pa kushika, maana vishikio vya Fahari hujizamisha gari likitembea. Sista Mbonea aliukwaruza kwa kucha. Akamwambia Mwatime kwa ishara amvue mtoto nguo, amfute kwa kitambaa cha maji, na Mwatime akafuata, maji ya kunywa yakammwagikia Kito kifuani, mguu ukaendelea kutikisika. Wakapita mbele ya lango la wagonjwa wa dharura. Lilikuwa wazi. Machela ilikuwa tayari, wahudumu wamesimama kandoni, na gari likalipita lango kwa utulivu na kuanza mzunguko mwingine.

Askari mmoja akaungana nao kukimbia.

"Mzee, unaikimbiza mali ya Serikali."

"Nisaidie kuizuia, kijana wangu. Tulizingire gari, tuliwekee vitu pande zote."

"Hilo usiseme kwa sauti," askari alisema akihema. "Wauza nanasi walilizingira moja kwa mikokoteni mwaka jana. Mpaka leo wako ndani kwa kuzuia maendeleo."

Pumzi zikamwisha Shaweji. Akabaki ameinama katikati ya barabara, mikono magotini, magari yakimkwepa kwa ustadi kushoto na kulia, na akaliona gari la binti yake likijitokeza tena upande wa pili wa mahema. Akahisi uchungu ambao hakuwahi kuuhisi hata siku ya kumzika mkewe, kwa sababu siku ile hakukuwa na la kufanya tena, na leo la kufanya lilikuwa pale, jekundu, juu ya kitambaa cha buluu.

Akarudi jukwaani. Alipanda ngazi polepole, akaokota kipaza sauti, na Luhizo akatabasamu kwa kuona mtu amerudiwa na akili.

"Ndugu wananchi," alisema Shaweji.

Kisha akaweka kiganja juu ya kitufe, akakibonyeza kwa uzito wake wote.

*

Haikutokea radi. Wimbo wa taifa ulilia ndani ya magari yote kwa pamoja, sauti ya mwanamke wa mashine ikasema sasisho linaingia, na magari yakasimama. Yalisimama vizuri sana, kwa ulaini, bila kugongana, kazi ya mtu aliyesomea kweli. Wananchi hawakupiga makofi. Wengine walitazama chini, wazazi wakawaziba watoto macho.

Gari la Mwatime lilikuwa limesimama karibu na lango la hospitali. Milango haikufunguka. Mashine ilieleza kwa upole kwamba sasisho litakamilika, na milango kuachiwa, baada ya hotuba ya mgeni rasmi. Sista Mbonea hakungoja kuambiwa mara mbili. Wahudumu wakaleta mtaimbo, wakauchomeka kwenye upenyo wa mlango, wakaanza kuubinua. Chuma kikalia. Shaweji aliona kutoka jukwaani ule upenyo ukipanuka, akaona vidole vya Mwatime vikitokeza nje, na Sista Mbonea akivishika.

Lakini mlango mmoja uliofunguka mara moja, bila mtaimbo, ulikuwa wa Waziri. Fahari lake la kawaida liliongezewa kishikio cha nje kinachofungua kila likisimama, kwa sababu Waziri hafunguliwi mlango kutoka ndani, hufunguliwa na mlinzi. Akatoka shati limelowa. Alimkumbatia mlinzi. Alimkumbatia askari wa trafiki. Alipofika ngazi za jukwaa alimkumbatia Shaweji na kumwambia sikioni, "Mungu akubariki, mzee, nilidhani nakufa."

Halafu akaona kamera. Luhizo akamvisha kofia, akamnong'oneza jambo. Uso wa Waziri ukaanza kubadilika taratibu, kutoka wa mtu kuwa wa mheshimiwa.

"Nani amebonyeza?"

"Mshereheshaji, Mheshimiwa."

"Kwa hiyo breki hizi zimezinduliwa na nani?"

"Hazijazinduliwa, Mheshimiwa. Kwa mujibu wa itifaki, hazipo."

"Mbona magari yamesimama?"

"Hayajasimama, Mheshimiwa. Yamepumzika bila idhini."

Waziri alitikisa kichwa kwa kuelewa. Akawatazama wananchi wake walioinamisha nyuso kwa aibu, akaona kwamba taifa limetiwa doa mbele yake na ni yeye wa kulisafisha. Akaagiza Mhandisi aitwe. Nyamizi akaletwa katikati ya walinzi wawili.

"Liondoe hilo sasisho. Nitalizindua upya kwa heshima zake."

"Mheshimiwa, likiondolewa magari yataondoka tena. Na watu wamo ndani."

"Kwa muda mfupi tu. Nikimaliza hotuba nitabonyeza."

Shaweji alipiga magoti. Hakuwahi kupiga magoti jukwaani, na hata bendi iligeuka kumtazama. "Mheshimiwa, nakuomba kwa jina la mama yako. Mjukuu wangu yumo mle, ana degedege. Mlango unakaribia kufunguka. Ngoja afunguliwe tu, ndipo uondoe, uzindue, unifunge, unifanye lolote. Wewe mwenyewe ulikuwa ndani, Mheshimiwa. Umeona."

"Ndiyo maana najua hakuna hatari," alisema Waziri. "Mimi si huyu hapa, mzima?"

Mlinzi akamshika Nyamizi kiwiko. Nyamizi aliangalia kule langoni, akaangalia mlinzi, akasema, "Nisamehe, Mzee wangu," kisha akarudishwa nyuma ya pazia, akabonyeza kitu kwenye kompyuta yake.

Magari yakaanza kutembea. Wahudumu wa hospitali walikimbia kidogo na mtaimbo ukiwa bado umenasa mlangoni, kisha ukachomoka, ukaanguka barabarani kwa kishindo. Upenyo ukajifunga. Sista Mbonea alivuta mkono wake dakika ya mwisho na kubaki amesimama, sindano iko juu hewani, anazungumza peke yake. Wananchi wakainua nyuso. Mmoja alianza kupiga makofi, wakaitikia wote, na walikuwa na furaha ya watu waliorudishiwa heshima.

*

Kitufe sasa kilikuwa kimezungukwa na walinzi. Shaweji aliinuliwa, akapigwapigwa vumbi magotini, akapewa kipaza sauti. Alidhani anapelekwa gerezani, na huko nako angepelekwa, ila si sasa hivi. Hotuba haiwezi kuanza mgeni rasmi asipokaribishwa, na mgeni rasmi hakaribishwi bila vyeo vyake, na vyeo vyake vyote hakuna mwingine aliyevijua kwa mpangilio.

"Karibisha," alisema Luhizo. "Ukimaliza, yeye anahutubia. Akimaliza, anabonyeza. Umeona jinsi mambo yanavyokwenda yakienda kwa utaratibu?"

Shaweji akaelewa kwamba kati ya Kito na breki hakujabaki kitu kingine isipokuwa maneno, na ya kwanza kati ya maneno hayo yalikuwa mdomoni mwake. Simu ilikuwa bado hewani kwenye mfuko wa koti. Akakiinua kipaza sauti na kuanza kusema mbio kuliko alivyowahi kusema maishani, bila kupumua, vyeo vikigongana.

"Mheshimiwa Daktari Profesa Mhandisi wa Heshima Mlezi wa Madereva Mwenyekiti wa Kudumu wa Kamati ya Mwendo Mlinzi wa Matuta na Vivuko Kamanda Mstaafu wa..."

Sauti yake ilikuwa ikitoka kwenye redio za magari yote yaliyokuwa yakizunguka. Gari la Mwatime likapita mbele ya jukwaa. Binti yake alikuwa anamsikia, alikuwa anamtazama babake usoni kupitia kioo, na babake alikuwa anamtazama yeye huku mdomo ukiendelea.

Waziri akamgusa bega.

"Polepole, Shaweji. Unavimeza. Watu wasikie." Akatengeneza tai yake. "Anza upya."

Kutoka mfukoni, chini ya makofi, sauti ya Mwatime ilikuja ndogo na ya kushangaa.

"Baba. Baba, Kito ametulia."

Mguu wake haukuonekana tena kiooni. Gari lilishapita, linaelekea lango la hospitali. Ametulia vipi, Shaweji alitaka kuuliza, amelala au vipi, mama, mguse kifua, lakini kipaza sauti kilikuwa mdomoni na kila neno ambalo si cheo lingerudisha mambo mwanzo. Aliweka mkono juu ya mfuko wa koti, akaushikilia.

"Mheshimiwa," alisema, polepole, kwa sauti yake nene ya siku zote. "Daktari. Profesa."